Hesabu Kwanza, Zege Baadaye

Duka la Kariakoo haliuzwi kwa macho. Anayeuza na anayenunua hufunga mlango, wakashusha mabunda kutoka rafu za juu, wakahesabu vitenge doti kwa doti, betri katoni kwa katoni, mpaka vile vifungo vya suti vilivyosahauliwa ndani ya kopo la maziwa, na kila kitu kikaandikwa daftarini kabla pesa haijatoka mfukoni. Kazi hiyo inachosha na pengine inakula usiku mzima, lakini hakuna mfanyabiashara mwenye akili zake anayeiita ucheleweshaji. Soko lenyewe lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, mwenye daftari aliweza kusema amepoteza nini. Asiye nalo alibaki kukisia. Desturi hii kijana anayeuza chaja Mtaa wa Kongo anaijua bila kufundishwa darasani. Ajabu ni kwamba tunaisahau tunaposhika kitu kikubwa kuliko maduka yote ya Kariakoo yakijumlishwa pamoja, yaani mto. Tunachimba, tunakinga, tunamwaga zege, halafu ndipo tunaulizana mle ndani mlikuwa na nini. Makala haya yanatetea utaratibu wa kinyume, na shahidi wangu mkuu ni samaki ambaye hata paka hashibi kwake.

Ukitaja kambare mjini humu, picha inayomjia kila mtu ni moja: yule mweusi mwenye sharubu nane na kichwa bapa kigumu kama sinia la bati, awe hai ndani ya beseni akijipindapinda kwenye maji ya kina cha vidole viwili, awe mkavu mezani, amekunjwa mviringo na mkia kuchomekwa mdomoni kwa kijiti, rangi ya tumbaku, moshi wake ukikufikia kabla hujamwona. Huyo ana jamaa wengi. Afrika ina mamia ya spishi za samaki wa sharubu, na wengi wao ni wadogo wasiofika kwenye mizani ya muuza samaki. Wavuvi wa Ziwa Victoria wana gogogo, mwenye miiba mitatu inayojifunga wima kama komeo anaposhikwa, na anayekwaruza kwa sauti ya malalamiko akitolewa majini. Mto Rufiji una gogogo wake aliyepewa jina la mto huo na wanasayansi mwaka 1968. Ziwa Tanganyika lina mmoja mwenye madoadoa, mjanja kupita kiasi: hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolelea watoto mdomoni, akamwachia mwenzake ulezi wote, na vifaranga wake wakishaanguliwa mle mdomoni huwala watoto wa mwenye nyumba. Niseme tu kwamba ukoo huu haujakosa visa.

Ndani ya ukoo huo huo wa gogogo wamo vijisamaki ambavyo sayansi inaviita Chiloglanis. Jina alilitunga Wilhelm Peters wa Berlin mwaka 1868, kwa maneno ya Kigiriki ya mdomo na kambare, na spishi ya kwanza akaipa jina la Carl Claus von der Decken, yule Mjerumani aliyejaribu kuupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862, kisha akauawa kando ya mto Juba mwaka 1865. Vingi kati ya vijisamaki hivi havivuki sentimita 10. Cha kutazama ni mdomo. Midomo ya juu na ya chini imeungana ikawa kisahani cha nyama kilichopo chini ya kichwa, chenye vijichuchu vidogo pembeni na safu ya meno membamba katikati. Samaki huyu hukibandika kisahani hicho kwenye jiwe, akanyonya, akashikamana, na maji ya maporomoko yakampita juu yakiunguruma bila kumng'oa. Akiwa amebandika hivyo bado anapumua na bado anakula, akikwangua ukungu wa kijani na wadudu wadogo juu ya jiwe. Kiswahili kina majina ya samaki wanaofika sokoni, na huyu hafiki. Kwa hiyo hana jina lililozoeleka. Nikiruhusiwa nitamwita gogogo ruba, kwa kuwa ni wa ukoo wa gogogo na anang'ang'ania kama ruba.

Ruba huyu ana masharti. Anataka maji yanayokwenda kasi, kwa sababu maji ya kasi ndiyo yenye hewa ya kutosha. Yeye hapumui hewa ya juu kama kambare. Anataka mawe yaliyo wazi, kwa sababu jiwe lililofunikwa na tope halibandikiki wala haliliki. Na kwa kuwa anakaa kwenye maporomoko na haogelei masafa marefu kwenye maji yaliyotulia, anaweza kujikuta amefungiwa kwenye kipande kimoja cha mto mmoja, vizazi kwa vizazi, mpaka akawa wa pale tu. Hilo ndilo lililotokea mto Malagarasi. Mto huu, wa pili kwa urefu nchini, ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika unakoishia: kabla bonde la ufa halijafunguka ulikuwa ukielekea Kongo, na mpaka leo una samaki walio ndugu na wa Kongo kuliko wa ziwani. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, John Friel na Thomas Vigliotta, walieleza kwa mara ya kwanza spishi tatu mpya za ruba kutoka sehemu ya chini ya Malagarasi na mto jirani wa Luiche. Moja wakaiita Chiloglanis igamba, kwa jina la maporomoko ya Igamba mkoani Kigoma.

Maporomoko hayo yalikuwa na jina kwenye makaratasi ya watu wengine pia. Februari 2008 Tanzania ilitia saini mkataba wa msaada wa Marekani wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, mkataba ule ule uliolipia waya wa umeme wa chini ya bahari kwenda Unguja. Ndani yake mlikuwamo mtambo wa megawati 8 wa kuzalisha umeme Igamba, ili Kigoma iachane na majenereta ya dizeli. Tathmini ya mazingira ilipofanywa ikaonekana kwamba mtambo ungeharibu makazi ya viumbe wa majini wasiopatikana kwingine, na mradi ukaondolewa kwenye orodha. Badala yake Kigoma ikapata mitambo ya umeme wa jua kwa shule, zahanati na vituo vya afya. Umeme wa maji wa Malagarasi haukufa: baadaye uliandaliwa mradi mkubwa zaidi wa megawati 49.5 kwenye mto huo huo, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Najua namna habari hiyo inavyopokelewa ukiisimulia mbele ya duka la simu Mtaa wa Aggrey. Watu wa Kariakoo hawakuusahau mgao wa 2011, wala ule ulioisha mwanzoni mwa 2024. Walinunua majenereta, wakayafunga mnyororo kwenye nguzo za baraza, wakavuta moshi wake mchana kutwa na kulipa mafuta kwa faida ya siku. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mkoa mzima ulikosa umeme kwa sababu ya samaki wa kidole ni kumtukana. Na hasira yake ina msingi. Mwenye kusubiri umeme Kigoma alikuwa mama anayejifungua kwa mwanga wa kandili, na hakuna hoja ya viumbe adimu inayoweza kumfuta machoni. Sitamfuta. Ila namwomba mwenye hasira atazame upande wa pili wa daftari, yaani kilichotokea pale ambapo tulijenga kwanza ndipo tukahesabu.

Kihansi ni jina ambalo kila Mtanzania aliyewahi kufungua redio analijua, na mara nyingi hutajwa kwa kicheko. Mtambo wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa katika korongo la milima ya Udzungwa pale watafiti, mwaka 1996, walipokuta chini ya maporomoko chura wa njano mdogo wa kukaa juu ya sarafu, anayezaa watoto kamili badala ya mayai, na anayeishi kwenye rasharasha za maporomoko hayo tu, eneo dogo kuliko mashamba mengi ya mkonge. Mtambo ulipowashwa maji mengi ya mto yaligeuzwa njia, rasharasha zikakatika, na majani yakaanza kukauka. Hapo ndipo gharama zilipoanza kumiminika kwa mlango wa nyuma. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza ukungu bandia korongoni. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda kwenye bustani za wanyama za Marekani, ambako wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua kuwalea. Katikati ya 2003 waliobaki korongoni walikadiriwa kufika kama 20,000. Miezi michache baadaye, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa umeingia, walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Wanaocheka hucheka kwamba chura alipanda ndege ambayo wao hawajaipanda. Mimi nacheka pia, lakini kicheko hicho kinatakiwa kielekezwe kwa mhasibu. Safari za ndege, maabara zenye joto lililopimwa, mabomba ya korongoni na vikao vya miaka zaidi ya 10 vyote ni bili ya kutohesabu mali kabla ya kukabidhiana duka. Chura hakujificha, alikuwa pale pale chini ya maporomoko, kwa maelfu, na mtu mwenye buti na tochi angemwona miaka mitano mapema. Angeonekana wakati michoro ingali karatasini, mhandisi angeweza kuuliza ni maji kiasi gani yaachwe yapite, na jibu lingekuwa tarakimu kwenye ukurasa, wala lisingekuwa operesheni ya kimataifa. Igamba walihesabu kwanza. Kilichopotea pale kilikuwa mchoro wa megawati 8, sehemu ndogo kuliko moja ya mia mbili na hamsini ya Bwawa la Julius Nyerere, na mto ukabaki na nafasi ya kupangiwa mradi mwingine. Tofauti ya miradi hii miwili iko kwenye tarehe ya hesabu. Ukubwa wa huruma kwa wanyama haukuhusika sana.

Sasa turudi mjini. Maelfu ya watu hupita Mtaa wa Msimbazi kila siku wakiwa na mizigo kichwani, na wachache hukumbuka kwamba mtaa huo una mto wa jina lake umbali wa dakika chache kwa miguu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unashuka kilomita zipatazo 35 kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unapita Jangwani nyuma ya mgongo wa Kariakoo, na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Kila mvua kubwa mto huo hujikumbusha wenyewe. Desemba 2011 mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954 iliua watu zaidi ya 40, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka anayekaa Magomeni huangalia mawingu ya Pugu kabla ya kuondoka nyumbani. Mabasi ya mwendokasi yaliegeshwa kwenye karakana iliyojengwa katikati ya bonde, na maji yakayafuata humo humo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde zima: daraja jipya la juu, kupanua na kuchimba njia ya maji, kulipa fidia wanaohama, kuihamisha karakana, kuweka bustani. Kazi imeanza. Ni mradi ninaouunga mkono, na kwa sababu hiyo hiyo nataka daftari lake.

Pingamizi la kwanza nalijua kabla halijasemwa: daftari la nini kwenye mto uliokwisha kufa? Maji yake ni meusi, machinjio na viwanda vimeumwagia damu na rangi kwa miongo, mifereji ya vyoo inaishia humo. Na wa pili atampinga wa kwanza: haujafa, mbona kambare wamo? Hawa wawili wote wanadanganywa na samaki yule yule. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua yake, chenye matawi kama ua la koliflawa, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Maji yakikosa hewa yeye hupanda, akameza pumzi, akashuka. Dimbwi likikauka hujizika kwenye tope au hutambaa usiku kwenye majani mabichi kutafuta dimbwi jingine. Kumkuta kambare kwenye mto ni sawa na kumkuta kunguru mjini: hakukwambii kitu kuhusu usafi wa mji. Kwa hiyo aliyemwona kambare Jangwani hajathibitisha kwamba mto ni mzima, na asiyeona kingine hajathibitisha kwamba umekufa kuanzia Pugu hadi Salenda. Mto wa kilomita 35 hauna hali moja. Unakotokea, chini ya kivuli cha msitu, maji hayajakutana na machinjio wala nyumba. Nani anaishi kule? Wadogo gani wameponea kwenye vijito vinavyoulisha? Hilo ndilo swali la daftari, na kambare hana jibu lake.

Ndiyo maana namtaja ruba na wenzake wadogo wanaokaa chini ya mto. Sisemi kwamba atakutwa amebandika mdomo kwenye nguzo ya daraja la Jangwani. Msimbazi wa chini ni mto wa bondeni, hauna maporomoko. Lakini kila mto una vidogo vyake, na vyote vina sifa vinazoshirikiana na ruba: haviwezi kukimbia, haviwezi kupanda juu kuvuta hewa, na tope likizidi ndivyo vinavyotangulia kuondoka. Mhandisi ana mashine ya kupima tope saa ile anapoitumbukiza. Samaki mdogo wa chini hupima usiku na mchana, masika na kiangazi, na akiondoka hujui tu kwamba leo maji ni machafu; unajua kwamba kuna siku ndani ya mwaka huu yalishindwa kukalika.

Kuhusu tope, hapa ndipo pingamizi kubwa kuliko yote linapojijibu lenyewe. Wanasema watu kwanza, samaki baadaye, kana kwamba kuna mizani yenye mtoto wa Jangwani upande huu na kijisamaki upande ule. Lakini mtu anayeishi Jangwani anauawa na nini? Mto unajaa haraka kwa sababu kitako chake kimepanda. Juu huko, miteremko imekatwa miti na kujengwa, kingo zinachimbwa mchanga wa kufyatulia matofali, na kila mvua inaubeba udongo huo hadi sehemu tambarare ambako maji hupunguza mwendo na kuuweka chini. Mchanga uliolala Jangwani ndio unaoinua maji mpaka kwenye lami. Greda huletwa, huchimba, huondoka, na msimu unaofuata mchanga umerudi, kwa kuwa unakotoka hakujaguswa. Mchanga na tope hilo hilo ndilo linalofunika mawe na kuziba matamvua ya samaki wadogo huko juu, miaka kadhaa kabla halijafika barabarani. Samaki na mkazi wa bondeni wana adui mmoja, ila samaki anakutana naye kwanza. Kumhesabu ni kumpa mkazi huyo habari mapema, habari ambayo daraja haliwezi kumpa kwa kuwa liko mwishoni mwa mto.

Lipo pingamizi lenye heshima zaidi, nalo linahusu wataalamu wenyewe: je, wakikosea? Mfano wake mkubwa uko Marekani. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja alikuta kwenye mto Little Tennessee samaki wa urefu wa sentimita 8 hivi, akasema ni spishi ya peke yake. Bwawa la Tellico lilikuwa tayari linajengwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1978 samaki akashinda. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga njia ya kulikwepa katazo, bwawa likajazwa. Samaki alihamishiwa mito mingine, akastawi, na 2022 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Kisha Januari 2025 watafiti wakachapisha kwamba samaki yule hakuwa spishi ya peke yake hata kidogo. Ni tawi la spishi nyingine inayojulikana. Wapinzani wa hesabu za samaki walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Mimi naisoma habari hiyo tofauti kidogo. Ujenzi wa bwawa ulikuwa umeshaanza samaki alipopatikana, kwa hiyo kila upande ulikuwa umeshaingia gharama na hasira, na swali dogo la kisayansi likabebeshwa mzigo wa kesi ya taifa. Hesabu iliyofanywa mapema ina nafasi ya kurudiwa na kusahihishwa. Mwenye duka naye hukosea kuhesabu. Dawa yake huwa ni kurudia usiku ule ule, mnunuzi akiwa bado yupo.

Watakaosema hesabu ipo tayari nao wana sehemu ya ukweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini kabla ya mradi mkubwa, ndiyo iliyoweka ile mita 60 kutoka kingo za mto ambayo wapangaji wa bondeni wanaijua kwa alama nyekundu za X kwenye kuta zao. Ripoti za tathmini huandikwa, tena nene, na kwa kawaida kwa Kiingereza. Mtu aliyewekewa X ukutani haoni ndani yake hata ukurasa mmoja unaomwambia mto aliohamishwa kwa ajili yake una nini na utakuwa na nini. Ameambiwa sheria inalinda mto, akaondoka; halafu hana namna ya kujua kama mto umelindwa. Hapo ndipo mradi unapopoteza imani ya watu, na wala si kwa sababu ya samaki. Orodha ya viumbe wa Msimbazi ingetosha ukurasa mmoja kwa Kiswahili: sehemu gani ya mto, nani alikutwa, wangapi, tarehe. Majina yakikosekana, kama ruba alivyokosa, yatungwe. Wavuvi wa gogogo hawakusubiri kamati ya istilahi.

Gharama, kwa kulinganisha na dola milioni 200, ni kama bei ya kamba ya kufungia mzigo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina watu wa kazi hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi wa sayansi za majini wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye dhamana ya mto. Vifaa ni nyavu za matundu madogo, beseni jeupe, rula na kamera ya simu. Kitabu cha kutambulia samaki wa maji baridi wa Tanzania kipo tangu 1992, kilitolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Vituo sita vingetosha kuanzia, kutoka Pugu mpaka Jangwani, vile vile kila mwaka, bila kuhama, hata pale kituo kitakapotoa beseni tupu. Beseni tupu nalo liandikwe. Na zege likishakauka, hesabu iendelee kwenye vituo vile vile, ili atakayesema mto umepona aonyeshe ukurasa.

Wakati wake pia unajulikana. Vuli huanza Oktoba, na baada ya hapo mto hauingiliki kwa usalama. Agosti na Septemba maji ya Msimbazi huwa madogo, mawe ya juu yanaonekana, na mtu anaweza kusimama katikati ya kijito cha Pugu akiwa na beseni, maji yakimfika chini ya goti.